Bustani Si Ardhi Iliyolala Bure

Wanaoiita bustani ya umma "ardhi isiyotumika" waende wakaitazame asubuhi baada ya dhoruba. Mimi huenda City Park, Nairobi, pamoja na mbwa wangu. Yeye hufuata harufu, mimi hufuata maji. Chini ya miti ya asili udongo huwa umekwisha kuyanywa. Ng'ambo ya ukuta, penye lami na saruji, maji hayana pa kuingia. Hukimbilia mtoni, na mto huyashusha kwa maskini wa bondeni.

Mwaka 2024 mafuriko yalipoua watu, serikali iliwaamuru waliojenga kingoni wahame, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Haya, ukingo wa mto si mahali pa kulaza mtoto. Lakini mbona matingatinga hayo sijayaona yakipanda mlima kwa waliomega bustani? Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, akabezwa Bungeni. Jengo halikujengwa; uchu ulibaki.

Wizara ya Ardhi ichapishe hati za viwanja vilivyokatwa kutoka bustani hizi, kimoja kimoja, kabla ya masika.