Turubai Barabarani

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimevuka miaka sabini, na nina jambo linalonikera ambalo sitaki kulinyamazia. Mwaka jana nilipeleka ombi dogo katika mkutano wa mtaa wetu hapa Dar es Salaam. Niliomba barabara moja ya lami inayopita katikati ya mtaa, isiyofika hata kilomita moja, ifungwe kwa magari na bodaboda kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, tangu saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, ili watoto wapande baiskeli na wazee tutembee. Nilisikilizwa kwa heshima anayopewa mzee, kisha nikachekwa. Mmoja akasema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya Wazungu." Mwingine akauliza kama siku hizi sipati usingizi. Ombi likaandikwa kwenye mengineyo, na sote tunajua mengineyo ndiko mambo yanakozikwa.

Nianze na huo Uzungu. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, si mji wa Ulaya. Tarehe 15 Desemba 1974 wapanda baiskeli wa mji ule walishika barabara kwa saa chache kulalamikia magari yaliyowasukuma pembeni. Mwaka 1976 serikali ya mji ikaihalalisha siku yao. Leo, kila Jumapili na kila sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, zaidi ya kilomita 120 za barabara za mji ule huachiwa watu wa miguu na baiskeli. Na ni Bogotá hiyo hiyo iliyokuwa mfano wa mabasi yetu yaendayo haraka, yaliyoanza kazi Mei 2016. Mbona hapo hakuna aliyesema ni mambo ya Wazungu? Tuliiga mabasi, Jumapili tukaiacha hukohuko.

Mwezi ule ule wa Mei 2016, majirani zetu wa Kigali walianza siku yao isiyo na magari. Ilikuwa mara moja kwa mwezi, na tangu 2018 ikawa mara mbili. Watu hukimbia, hutembea, hupanda baiskeli, na hupimwa shinikizo la damu na sukari bila malipo. Addis Ababa nao walianza Desemba 2018, wakaipa siku hiyo jina la Kiamhari, Menged le Sew, maana yake barabara kwa ajili ya watu. Kigali na Addis Ababa ni Ulaya ya wapi?

Tena sisi wenyewe tulikuwa nayo. Vijana hawajui, na wazee wenzangu wamesahau. Miaka ile ya uhaba wa mafuta, serikali yetu ilipiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, isipokuwa yenye kibali. Nilikuwa mwalimu kijana, sijatoka chuo cha ualimu siku nyingi, nina baiskeli ya Phoenix na mshahara usiofika tarehe ishirini. Sitamdanganya mtu kwamba ilikuwa miaka ya neema. Tuliipanga foleni ya sukari na ya sabuni, na marufuku ile ilitokana na shida, wala si na hekima. Lakini saa nane na robo watoto walikuwa wameshaweka mawe ya goli katikati ya lami, na mimi nilikuwa napita na mke wangu amekaa kwenye keria, bila kugeuka nyuma kutazama nani anakuja. Waholanzi nao, ambao tunadhani walizaliwa juu ya baiskeli, walifungiwa magari Jumapili kwa ajili ya mafuta, kuanzia tarehe 4 Novemba 1973. Mwaka 1971 magari yalikuwa yameua watu zaidi ya 3,000 katika nchi yao ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia barabarani kudai mauaji ya watoto yakome. Wenzetu mafuta yaliporudi waliendelea kuuliza maswali. Sisi yaliporudi tulipiga honi.

Sasa nieleze kinachoniuma hasa. Nilipokuwa mwalimu mkuu, mwanafunzi wangu wa darasa la nne aligongwa na gari asubuhi akivuka barabara, mkononi ana ufagio, kwa kuwa siku ile ilikuwa zamu ya darasa lao kuleta mifagio. Dereva hakuwa mlevi wala hakukimbia. Alikuwa anawahi kazini tu. Tulipokwenda msibani tulikuta turubai limetandwa barabarani kutoka ukuta hadi ukuta, viti vya kukodi vimepangwa, masufuria ya wali yako motoni pembeni ya lami. Magari yalikuja, madereva wakaliona turubai, wakarudi nyuma kimyakimya. Hakuna aliyepiga honi, hakuna aliyeuliza kibali kiko wapi. Ilikuwa hivyo siku tatu. Jioni ya siku ya pili wadogo zake marehemu na watoto wa jirani walianza kucheza rede katikati ya barabara ile ile. Mtu mmoja akataka kuwafukuza, mama mmoja akamzuia, akasema, "Waache, leo hakuna gari."

Nimelibeba neno lile miaka yote hii. Watoto wale walipata barabara salama kwa siku tatu, na bei yake ilikuwa mwenzao. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kwa hiyo mtu asiniambie barabara haifungiki. Tunaifunga kwa matanga, kwa harusi, kwa vigodoro vinavyokesha, kwa misafara ya wakubwa, na kwa mbio za hisani ambazo lazima ununue fulana kwanza. Anayekosa ruhusa ni mtoto mzima wa afya mwenye baiskeli.

Watasema wagonjwa je? Gari la mgonjwa litapita. Kusogeza benchi ni rahisi kuliko kusogeza msiba. Waumini? Wengi wao wanafika kanisani kwa miguu tangu zamani, na hao wachache wenye magari wataegesha mwisho wa barabara. Hoja ninayoiheshimu ni ya vijana wa bodaboda. Baadhi yao nimewafundisha, nawajua, na asubuhi ya Jumapili ndiyo inayowalipa. Kumwambia kijana mwenye hesabu ya tajiri akae bure ili babu atembee ni dhuluma kama hatukufikiri. Ndiyo maana niliomba mara moja tu kwa mwezi, na vijiwe viwili, kimoja kila upande, abiria atembee dakika tano. Niliwauliza kabla ya mkutano. Hawakufurahi, lakini hawakukataa. Waliokataa ni wenye magari.

Nakiri pia kwamba Jumapili haitamlinda mtoto Jumatatu. Tunahitaji njia za miguu, vivuko na matuta, na hayo sitayaacha kuyadai. Lakini nani atayadai kama hajawahi kuisimamia barabara kwa miguu yake? Mimi mwenyewe niliendesha gari miaka ishirini na miwili. Kwenye tuta nilipunguza mwendo kwa kuogopea shokomzoba, wala sikukumbuka kwamba tuta lile liliwekwa kwa ajili ya mtoto. Nilianza kuijua barabara yetu siku daktari aliponiambia nitembee, nikagundua kwamba hakuna pa kutembea.

Mkutano mwingine ni mwezi ujao. Nimemwomba katibu aliandike ombi langu kama ajenda ya tatu, lisiwe tena kwenye mengineyo, naye amekubali. Turubai nimeshapata kwa jirani yangu anayekodisha vyombo vya shughuli. Aliniuliza ni msiba wa nani. Nilipomweleza, akasema hatachukua fedha, ila nilirudishe kabla ya saa tano, ana harusi.