Fizikia Itampa Kazi Gani?

"Mwanangu, hiyo fizikia itakupa kazi gani?" Swali hili la mzazi wa Pwani si la kubezwa, karo imetoka jashoni. Ajabu ni kuwa mwanafunzi mwenyewe mara nyingi hana jibu.

Basi semina za shahada ya kwanza zisiwe za kanuni tupu. Waalikwe wageni: apimaye mionzi ya kutibu saratani, atabiriye hali ya hewa, hata yule aliyekaa miaka miwili bila kazi, naye aseme.

Tarehe 12 Desemba 1970, jukwaa la San Marco, baharini kaskazini ya Malindi, lilirusha setilaiti Uhuru kuchunguza eksirei za angani. Kituo cha nchi kavu kingalipo Ngomeni. Kutoka huko hadi Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, mgeni ahitaji nauli ya matatu tu.