Tusiwaache watoto wetu peke yao mbele ya fomu ya mkopo

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba wake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapokaribia, wazazi huja misikitini kuwaombea dua vijana wao wafaulu. Hilo ni jambo jema. Lakini miezi michache baadaye baadhi ya vijana hao hao, waliofaulu na kupata nafasi vyuoni, hubaki nyumbani kwa kukosa mkopo. Tukiuliza sababu, huambiwa kuwa wamenyimwa. Yumkini wapo walionyimwa, kwani fedha haziwatoshi wote. Lakini tukichunguza kwa uadilifu tunawakuta pia ambao maombi yao hayakukamilika, na hao ndio tunaotaka kuwazungumzia leo.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Wakati ule mwombaji alijaza fomu ya karatasi. Baadaye fomu ikahamia kwenye mtandao. Ikawa hujazwa huko, huchapishwa, hutiwa saini na kiongozi wa serikali ya mtaa na mwanasheria, kisha hutumwa kwa njia ya posta. Siku hizi hata kurasa zilizosainiwa na viambatisho hupakiwa katika mfumo huo huo. Cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, sharti vihakikiwe kwanza na RITA kwa Tanzania Bara, au na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa Zanzibar. Mwongozo hutolewa kila mwaka, na si lazima wa mwaka huu ufanane na wa mwaka jana. Aliyemwongoza kaka miaka mitano iliyopita, akadhani bado anaijua njia, aweza kumpoteza mdogo mtu.

Maana ya mabadiliko haya ni kwamba kazi kubwa sasa iko kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Mfumo hauna macho ya huruma. Hauwezi kumtazama mama mjane ukajua kuwa ni mjane. Unasoma alichoandikiwa na hati alizonazo. Na hapa ndipo familia zetu nyingi hujikwaa.

Tuanze na majina. Mtoto aliyeitwa Muhammad kwenye cheti cha kuzaliwa huwa Mohamed kwenye cheti cha kidato cha nne. Baba ni Shaaban huku, na Shabani kule. Msikitini majina haya ni mamoja, lakini kwenye kumbukumbu za serikali yaweza kuonekana ni ya watu wawili. Kusahihisha jina au kupata hati ya kiapo kunahitaji muda na fedha kidogo. Mwenye kuanza mapema, mtoto akiwa kidato cha tatu au cha tano, hulimaliza jambo hili kwa utulivu. Mwenye kungoja wiki ya mwisho hukuta foleni, na huenda akaangukia mikononi mwa vishoka.

La pili, na linatuuma zaidi, ni la mayatima. Baba hufariki, tukamswalia, tukamzika siku ile ile kama Sunna inavyoelekeza, tukala khitma, tukatawanyika. Hakuna aliyekwenda kusajili kifo. Miaka kumi baadaye binti yake anaomba mkopo kama yatima, na yatima ni miongoni mwa wanaopewa kipaumbele, lakini hana karatasi ya kuthibitisha yale ambayo mtaa mzima unayajua. Mtume (S.A.W.) alikutanisha vidole vyake viwili kuonesha ukaribu wake Peponi na mwenye kumlea yatima. Je, malezi hayo yanaishia kwenye sahani ya wali? Mwenye kufuatilia cheti cha kifo cha marehemu jirani yake amemhifadhia yatima haki yake.

Wala tusiseme kuwa makaratasi ni mambo ya Wazungu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, inahusu kuandikiana madeni. Inaamrisha mwandishi mwadilifu na mashahidi, na inatukataza kuchoka kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Umma ulioamrishwa hivyo haukupasa kuwa wa mwisho katika kutunza hati.

Aya hiyo hiyo inatufikisha kwenye jambo zito zaidi, nalo ni ukweli. Imezuka tabia mbaya ya baadhi ya watu kumshauri kijana aandike kuwa baba yake amefariki, ilhali mzee yu hai, anaswali safu ya mbele. Wengine hununua cheti cha bandia. Huko ni kumzika mzazi kwa kalamu ili upate ada. Ni kosa mbele ya sheria, na mbele ya Allah ni ushahidi wa uongo, ambao Mtume (S.A.W.) aliuhesabu miongoni mwa madhambi makubwa. Isitoshe, fungu hilo huenda lilikuwa la yatima wa kweli. Elimu iliyoanzia hapo tutaiombeaje baraka?

Wapo wazazi wanaojizuia kwa hofu ya riba. Hofu hiyo ni ya kiimani na tunaiheshimu. Ni vyema wakajua kuwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo iliwatia wengi mashaka, ilifutwa mwaka 2021. Hukumu tunawaachia masheikh wetu, lakini waulizwe kwa kuonyeshwa mkataba wa sasa, si kwa habari za zamani. Na anayekopa akope kwa nia ya kulipa. Mtume (S.A.W.) alisita kumswalia maiti aliyeacha deni mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba. Makato ya asilimia 15 ya mshahara ni mazito, lakini fedha hizo humsomesha mwingine.

Basi tunawaomba maimamu na kamati za misikiti watenge siku moja kila robo mwaka, baada ya swala ya Ijumaa. Vijana walioko vyuoni wakae na wazazi, wausome mwongozo mpya neno kwa neno, na wakague vyeti vya kila mtoto wa kidato cha tano na sita. Hilo halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Dua tutaendelea kuziomba, lakini ngamia naye afungwe.

Tunamuomba Allah (S.W.) awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa wakweli katika maneno na maandishi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.