Mchezo wa Watu wa Kamĩrĩĩthũ

Watu wengi wakisikia habari za mchezo wa kuigiza hudhani ni jambo la kuchekesha tu, la kupitisha siku ya kufunga shule. Lakini uko mchezo wa namna nyingine, uonyeshao mambo ambayo watu huyanong'ona majumbani mwao: deni, shamba lililopotea, binti aliyedanganywa, mshahara usiotosha unga. Mimi nasema mahali pa mchezo wa namna hiyo ni kijijini, mbele ya watu wapatwao na mambo hayo, kuliko katika jumba la fahari mjini. Sikilizeni habari za Kamĩrĩĩthũ, mpate kuona sababu.

Kamĩrĩĩthũ ni kijiji cha Limuru, katika nchi ya Kenya, si mbali na Nairobi. Wengi wa watu wake walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, na wakulima wenye vishamba vidogo. Mwaka 1976 watu wazima wa hapo walianza kufundishwa kusoma na kuandika. Baadaye ukatungwa mchezo kwa lugha yao wenyewe, Kikuyu. Waliouandika ni Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na jina lake ni Ngaahika Ndeenda, maana yake Nitaolewa Nikipenda.

Habari yenyewe ni hii. Kĩgũũnda ni kibarua mwenye eka moja na nusu tu. Bwana wake Kĩoi, tajiri na mtu wa kanisa, amshawishi yeye na mkewe Wangeci wafunge ndoa kanisani. Arusi yataka fedha. Kĩgũũnda akopa benki na kuweka rehani shamba lake. Kisha afukuzwa kazini, deni halilipiki, na shamba lapigwa mnada. Binti yake naye apewa mimba na mwana wa Kĩoi, kisha akataliwa.

Sasa tazameni jinsi mchezo huo ulivyotengenezwa, maana hapo ndipo penye faida kubwa. Mazoezi yalifanywa waziwazi, na kila mpita njia aliweza kusimama na kutazama. Wazee wakisikia mzee wa mchezoni akisema maneno yasiyomfaa mtu wa umri wake, walikatiza wakasema, "Mzee hasemi hivyo!" Waandishi wale walikuwa watu wa elimu kubwa, hata hivyo walisahihishwa kama wanafunzi. Wanawake wazee walijua taratibu za arusi ya kienyeji. Vibarua walijua fedha ya kibarua inavyokwisha kabla ya mwezi kwisha. Ni jumba gani la mjini ambalo watazamaji wake wangaliweza kazi hiyo? Hata ukumbi waliujenga wenyewe, usio na paa, wa kutosha watu 2,000. Mchezo ulianza kuonyeshwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977.

Wako wasemao kuwa haifai kuanika aibu ya kijiji mbele ya watoto na wageni. Lakini mashamba hupotea kwa deni pasipo mchezo wo wote, na binti hukataliwa pasipo ngoma kupigwa. Kunyamaza hakukumrudishia mtu hata hatua moja ya udongo wake. Wengine walichukizwa kwa kuwa Kĩoi ni mtu wa dini. Mimi ni mwalimu wa misioni, nami nasema kwamba atumiaye kanisa ili amnyang'anye maskini ndiye alitiaye kanisa aibu, wala si mwigizaji amwonyeshaye. Ni kweli kwamba matajiri wa mchezo huo ni waovu wote, nasi twajua kuwa duniani si hivyo. Basi tajiri aliyeona ameonewa angalikwenda mazoezini akaseme, kama walivyosema wale wazee. Uwanja ulikuwa wazi.

Jibu lililotolewa halikuwa la maneno. Tarehe 16 Novemba 1977 serikali iliondoa ruhusa ya kuuonyesha mchezo. Mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima, bila kushitakiwa mahakamani. Mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi ule uliojengwa na wanakijiji.

Mwezi wa Mei 2022 mchezo ule ule ulionyeshwa Nairobi, katika jumba kubwa la taifa, wala hakuna aliyeuzuia. Nalifurahi kusikia hivyo. Lakini aliyeketi katika jumba lile alilipa kiingilio, akatazama, akapiga makofi, akaenda zake. Mzee wa kusimama katikati ya maneno na kusema, "Mzee hasemi hivyo!" alikuwa na mahali pake Kamĩrĩĩthũ, na mahali pale hapajajengwa tena mjini.