Stelingi Akifa na Hakuna Anayelia, Kuna Tatizo

Bongo kila aliyewahi kukaa kibanda umiza anajua sheria moja: stelingi hafi. Ndiyo maana muvi ikimuua stelingi, ukumbi mzima unatakiwa unyamaze. Sasa mwaka 2016 Batman v Superman ikamuua Superman, na watu wakatoka wakichekana kuhusu wanaume wawili walioacha kupigana kisa mama zao wana jina moja.

Superman, jamani! Yule yule ambaye kifo chake kwenye komiki mwaka 1992 kilitangazwa mpaka kwenye taarifa za habari Marekani, watu wakapanga foleni madukani kununua toleo hilo.

Bajeti haikukosekana. Kilichokosekana ni muda. Superman wa komiki alikuwepo tangu 1938, watu wamekua naye. Wa sinema alikuwa na muvi moja tu nyuma yake, na humo muda mwingi kanuna. Doomsday, aliyemuua, akaingizwa mwishoni mwishoni kama mchezaji wa akiba.

Ila wenye haki ya kulalamika zaidi ni mashabiki wa X-Men, maana wao wamefanyiwa hivyo mara mbili, kwa stori ile ile.

Kwenye komiki, Phoenix aliingia mwaka 1976. Wasomaji wakakaa naye miaka minne, wanamwona Jean Grey, yule dada mpole wa kundi, anavyobadilika kidogo kidogo. Mpaka 1980 anameza nyota nzima, na sayari iliyokuwa ikiizunguka inakufa na wakazi wake bilioni tano. Mwisho anajitoa uhai mwenyewe mwezini, mbele ya mpenzi wake Scott, ili asiue tena. Ukifika hapo umeshamzoea kama ndugu. Katuni ya miaka ya 90 nayo iliipa stori hiyo vipindi tisa, na ingawa ilikuwa ya watoto na mwishoni ikamrudisha hai, bado inauma.

Sinema je? Ile ya 2006 ilimchanganya Phoenix na stori nyingine kabisa, ya dawa ya kuwaondolea mutanti nguvu zao. Scott anauawa mapema, kifo chenyewe hata hakionyeshwi, na Jean anabaki kusimama nyuma ya Magneto kama mlinzi wa getini. Halafu mmoja wa waandishi wa muvi hiyo ndiye akapewa kuandika na kuongoza Dark Phoenix ya 2019. Aliyeunguza wali kakabidhiwa sufuria tena. Jean wa safari hii alikuwa ameonekana kwenye muvi moja tu kabla ya hapo, tena pembeni. Atamlilia nani?

Watetezi husema muvi ni saa mbili tu, haiwezi kubeba komiki za miaka. Sawa, ila Spider-Verse ya 2018 nayo haifiki saa mbili, ni katuni, na iliondoka na Oscar. Kabla ya vurugu zote inamwonyesha Miles akishushwa shuleni na baba yake polisi, anayemlazimisha kupitia kipaza sauti cha gari aseme anampenda, wanafunzi wenzake wakisikia. Inampeleka pia kwa Anko Aaron, wacheke na kuchora ukutani. Kwa hiyo anko anapokufa, koo linakaba.

Na sinema za watu halisi zinaweza, zikitaka. Tony Stark alianza 2008, akafa 2019, na watu wazima walitoka ukumbini macho mekundu. Miaka kumi na moja hiyo.

Tangu Disney waichukue Fox mwaka 2019, X-Men wako mikononi mwa Marvel wenyewe, kwa hiyo Jean Grey atarudi tu, leo au kesho. Wakimleta, wamwache kwanza aishi: afundishe, apendwe, agombane na Scott kwa mambo madogo madogo. Nyota haiendi popote, ataimeza muvi ya nne.