Kwa nini nyaya mbili?

Mota ya karasha pale Katoro ikizunguka kinyume, fundi anazima umeme, anabadilisha nafasi za nyaya mbili kati ya tatu, basi, kazi inaendelea. Sisi walimu watarajiwa tunakariri hivyohivyo. Mwanafunzi akiuliza kwa nini zisihamishwe zote tatu je? Fezi hufuatana R, Y, B, na mfuatano huo ndio unaozungusha uga wa sumaku. Badilisha mbili, mfuatano unageuka. Hamisha zote ziwe Y, B, R, mfuatano ni uleule, mota haigeuki. Watoto wa Geita wamekua wakisikia makarasha yakinguruma. Tukienda mazoezi ya kufundisha, somo la sumaku-umeme lianzie hapo, notsi za ubaoni zifuate baadaye.