Lubudi: Batri ya mashine ikikufa, fundi asikatwe mshahara

Mashine ya zamani ya CNC ikiamka asubuhi imesahau kila kitu, bosi anauliza: nani ameiharibu? Fundi wa zamu anatishwa kukatwa mshahara. Huo ni uonevu.

Hapa Lubudi, mji wa simenti na reli, kila mtu anajua umeme unavyokatika. Umeme ukienda, kinacholinda parametre, programu na vipimo vya vifaa vya kukatia ni batri ndogo, mara nyingi ya volti 3. Inakufa polepole, na mashine nyingi zinaonya mapema kwenye skrini. Nani alipuuza onyo? Nani alikataa kutoa pesa ya batri mpya?

Kosa lingine ni kuamuru mashine izimwe kwanza. Kwenye Fanuc nyingi za zamani batri inabadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Ukiizima na kuichomoa, kumbukumbu inaweza kupotea. Ndiyo maana kazi hiyo apewe fundi aliyefundishwa, maana ndani kuna umeme mkali.

Mabosi wa atelye wanakili parametre zote, waandike tarehe ya batri kwenye mlango wa mashine, waibadilishe kila mwaka. Ni dola chache. Mshahara wa mfanyakazi usilipie uzembe wa ofisi.